Dawa, Daiquiri, Caipirinha au Tangawizi? Uchague Ipi Ukiwa na Chupa Moja na Ndimu

Ukiwa na chupa moja ya pombe kali isiyo na rangi, ndimu kadhaa, sukari au asali, na barafu, unaweza kutengeneza kokteli nne au tano za maana bila kununua kitu kingine zaidi ya soda. Ukizisoma vipimo, zinafanana: kileo, uchachu, utamu, ubaridi. Mdomoni hazifanani hata kidogo. Mtu akichagua kwa jina au kwa picha, mara nyingi huishia na glasi ya maji matamu yanayonukia vodka, kisha hulaumu chupa aliyonunua. Chupa huwa haina kosa. Kinachoamua ni barafu uliyo nayo, ndimu uliyo nayo, na idadi ya watu utakaowahudumia.

Hapa tunalinganisha tano: dawa ya Nairobi, caipirinha ya Brazil, daiquiri ya Kuba, vodka na soda ya tangawizi (inayojulikana kama Moscow Mule), na jini na toniki. Mojito tumeiacha kwa makusudi. Inataka mnanaa mbichi na maji ya soda juu ya vyote hivi, na mnanaa uliolala siku mbili kwenye friji huifanya inukie majani makavu.

Vipimo vya glasi moja ni hivi. Kijiko cha chai ni ml 5, cha mezani ni ml 15. Ukali wa mwisho ni wa kukadiria, kwa kileo cha asilimia 40 na barafu ikishayeyuka kidogo.

| Kinywaji | Kileo | Ndimu | Utamu | Cha kujazia | Ukali |
|---|---|---|---|---|---|
| Dawa | vodka ml 50 | nusu hadi 1, na ganda lake | sukari kijiko 1 cha chai, asali kijiko 1 cha mezani | hakuna | karibu 15% |
| Caipirinha | cachaça (pombe kali ya miwa ya Brazil) ml 60 | 1 kubwa, na ganda lake | sukari vijiko 2 vya chai | hakuna | karibu 19% |
| Daiquiri | ramu nyeupe ml 60 | maji ya ndimu ml 25 | shira ml 20 | hakuna | karibu 18% |
| Vodka na tangawizi | vodka ml 50 | maji ya ndimu ml 15–20 | ya soda yenyewe | soda ya tangawizi ml 120 | karibu 10% |
| Jini na toniki | jini ml 50 | kipande kimoja | ya toniki yenyewe | toniki ml 150 | karibu 9% |

Usiidharau safu ya mwisho. Daiquiri moja ina mililita 24 za kileo halisi, karibu sawa na bia ya nusu lita yenye asilimia 5, ila bia huchukua nusu saa na daiquiri hunyweka kwa dakika kumi. Kama wageni wako wana kiu na jua ni kali, wape cha kujaziwa soda. Caipirinha na daiquiri ziwe za baadaye, chakula kikiwa mezani.

Barafu ndiyo inayochagua kabla yako

Fungua friza uangalie. Barafu ngumu, kavu juu, inayogonga kama kokoto: fanya chochote unachotaka. Barafu iliyoanza kulowana kwa sababu umeme ulikatika mchana, au iliyotolewa kwenye trei kabla haijashika katikati: achana na daiquiri, achana na dawa. Barafu iliyolowa tayari imebeba maji, na maji hayo huingia kwenye kinywaji kabla hakijapata baridi. Kwenye glasi ya tangawizi au toniki, ambayo ina kimiminika kingi, madhara yanaonekana kidogo. Kwenye daiquiri ya mililita 105, ni mauti.

Trei ndogo za friji za nyumbani hazitoshi. Chukua chombo cha aiskrimu cha lita moja, jaza maji yaliyochemshwa na kupoa, funika, gandisha usiku kucha. Kesho yake kifunge kipande hicho ndani ya kitambaa safi cha jikoni, ukigonge kwa mchi. Vipande vikubwa vinafaa kutikisia na kujazia, vile vidogo na ungaunga ni vya dawa na caipirinha. Kufunika ni lazima, kwa maana barafu hunyonya harufu. Iliyolala karibu na samaki wa kugandisha itakupa daiquiri ya samaki. Na usidhani kileo kitaua vijidudu vya barafu ya maji yasiyo salama. Asilimia 10 au hata 20 haitoshi kwa kazi hiyo.

Kadiria gramu 150 hadi 200 za barafu kwa kila glasi. Watu sita wakinywa mara mbili, unahitaji kama kilo mbili na ushee.

Dawa na caipirinha: ndugu wawili wanaogombana kwa asali

Hizi mbili ndizo zinazofananishwa sana, na kwa haki. Zote mbili ndimu hupondwa na ganda lake ndani ya glasi ileile ya kunywea, zote huwekwa barafu iliyovunjwa, zote hazina soda. Dawa ilipata umaarufu kupitia mgahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, ambako hupitishwa meza kwa meza. Ukitoa asali kwenye dawa, unabaki na kinywaji ambacho Wabrazili wanakiita caipiroska: caipirinha iliyowekwa vodka mahali pa cachaça.

Tofauti iko kwenye mwenendo wa utamu. Kwenye caipirinha sukari inaingia mwanzoni, inasagwa pamoja na ndimu, na glasi ina ladha moja tangu mwanzo hadi barafu iishe. Kwenye dawa asali inakuja na kijiti: kinachovywa kwenye asali nzito, kinatumbukizwa, na mnywaji mwenyewe anakizungusha. Vodka baridi haiyeyushi asali haraka, kwa hiyo fundo la kwanza ni kali na chachu, la mwisho ni tamu. Mnywaji anajikoleza mwenyewe. Uzuri wa dawa upo hapo, na ndiyo sababu mtu anayeikoroga asali yote mwanzoni anapoteza kitu.

Kwa dawa, kata ndimu vipande vinne (kwa ndimu ndogo za pwani, mbili nzima), toa mbegu, weka kwenye glasi fupi nzito pamoja na kijiko cha chai cha sukari ya kahawia. Ponda kwa mchi mdogo au mpini wa mwiko, mara sita au saba, kwa kubonyeza na kuzungusha kidogo. Punje za sukari zinakwaruza ganda na kutoa mafuta yake, na mafuta hayo ndiyo harufu ya kinywaji. Jaza barafu iliyovunjwa hadi juu, mimina vodka ml 50, tumbukiza kijiti chenye asali. Kijiti chembamba cha mishikaki hukatika, na asali haishiki vizuri. Mpini wa kijiko cha mbao unafaa zaidi.

Kwa caipirinha, ndimu ikatwe ncha zote mbili kwanza, igawanywe katikati kwa urefu, utoe ule uzi mweupe wa katikati kabla ya kukata vipande. Uzi huo na nyama nyeupe chini ya ganda ndivyo vyenye uchungu. Ukiponda mpaka ganda lichanike, glasi itakuwa chungu ndani ya dakika tano, na sukari ya kuongeza haitaondoa kitu. Hili ndilo kosa la kwanza kwa wanaoanza: wanatwanga ndimu kama kisamvu. Bonyeza hadi maji yatoke, basi.

Cachaça ni ngumu kupata Afrika Mashariki. Hutengenezwa kwa maji mabichi ya miwa, ndiyo maana inanukia majani na miwa. Ramu nyingi hutokana na molasi, yale masalia mazito ya kutengeneza sukari. Sheria za Brazil zinataka caipirinha iwe na cachaça, ndimu na sukari. Huku kwetu, kileo cha miwa kama Kenya Cane kinakaribia zaidi ya vodka, na sukari guru iliyosagwa mahali pa sukari ya dukani inarudisha sehemu ya ladha ya miwa inayokosekana. Usiiite caipirinha mbele ya Mbrazili, lakini ni kinywaji kizuri.

Uchague ipi? Ukiwa na asali nzuri, dawa, bila kusita. Asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu, haifai kwa kijiti kwa sababu inatiririka yote mara moja, tena uchachu wake unaongeza wa ndimu. Asali nzito ya nyuki wakubwa ndiyo yenyewe. Kama imeganda, weka chupa yake ndani ya maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa mkono, dakika kumi. Kama asali ya dukani inanukia sukari tupu, okoa fedha zako, tengeneza caipirinha.

Daiquiri: ngumu kuliko zote, tamu kuliko zote

Jina linatoka Daiquirí, karibu na Santiago de Cuba. Vitu vitatu tu: ramu, ndimu, sukari. Hakuna pa kujificha. Soda ya tangawizi hufunika vodka mbovu na toniki hufunika jini ya kawaida, lakini daiquiri haifuniki chochote. Ramu yenye harufu ya rangi ya kupaka ukuta itanukia hivyo hivyo.

Hapa sukari ya punje haitakiwi. Haiyeyuki kwenye ramu baridi, itazama chini na kukupa kinywaji chachu juu na tamu chini. Tumia shira, ileile wanayopikia kaimati lakini nyepesi: gramu 200 za sukari kwa mililita 200 za maji, pasha moto huku ukikoroga hadi ionekane maji safi, epua kabla haijaanza kupungua. Inatoa kama ml 320. Ipoe kabisa, itie chupa safi, inakaa kwenye friji mwezi mmoja. Ukiichemsha muda mrefu maji yanapungua, shira inakuwa nzito, na ml 20 zitakuwa tamu kuliko ulivyopanga.

Kutikisia hakuhitaji chombo cha baa. Chupa ya jamu yenye kifuniko cha chuma, ya nusu lita au zaidi, inatosha. Ramu ml 60, maji ya ndimu ml 25, shira ml 20, halafu barafu ya vipande vikubwa hadi robo tatu ya chupa. Funga, tikisa kwa nguvu sekunde 12, mpaka kifuniko kikuchome kwa baridi mkononi. Chuja kwa chujio la chai ndani ya glasi iliyokaa kwenye friza.

Kutikisa hakupoozi tu. Kunaongeza maji, karibu robo ya ujazo wa mwanzo, na maji hayo ni sehemu ya kinywaji. Ukitikisa sekunde nne kwa woga, utapata kinywaji kikali kinachokwaruza koo. Ukitikisa dakika nzima kwa barafu ndogondogo, utapata juisi ya ndimu iliyochujuka. Onja kwa kijiko. Ikikuuma taya, ongeza shira ml 5. Ikilala ulimini kama peremende, ongeza ndimu ml 5. Usiongeze ramu, haitatui lolote kati ya hayo.

Ndimu nazo hazilingani. Zile ndogo za pwani ni kali na zina ganda jembamba, moja hutoa ml 10 hadi 15. Zile kubwa zisizo na mbegu hutoa ml 25 hadi 30. Iliyoanza kuwa ya njano ina maji mengi na ukali mdogo kuliko ya kijani kibichi. Iviringishe mezani chini ya kiganja kabla ya kukata. Kenya wengi huita ndimu hata lile tunda kubwa la njano lenye chuchu. Hilo ni limau, lina harufu nyingine, na daiquiri ya limau huwa dufu. Kamua siku hiyohiyo, kwa maana maji ya ndimu yaliyolala huwa machungu. Ya chupa, yenye dawa ya kuhifadhi, usiyaguse.

Tangawizi na toniki: za haraka, za wengi

Vodka na tangawizi inajengwa ndani ya glasi: barafu mpaka juu, vodka, ndimu, soda, koroga mara moja kutoka chini. Soda yenyewe ikae kwenye friji saa nne kabla. Soda ya joto ikikutana na barafu hutoa povu, gesi inakimbia, barafu inayeyuka, na unabaki na maji ya tangawizi. Stoney Tangawizi ni kali kooni lakini ni tamu sana, kwa hiyo ndimu isipungue ml 15, na 20 ni bora. Kipande chembamba cha tangawizi mbichi kilichopondwa chini ya glasi kinaipa nguvu bila kuongeza sukari. Kikombe cha shaba unachokiona kwenye picha hakina lazima, na kama hakijapakwa madini mengine kwa ndani usikitumie kabisa: tindikali ya ndimu huyeyusha shaba.

Jini na toniki ndiyo rahisi kuliko zote na pia ndiyo chungu kuliko zote. Uchungu ni wa kwinini, ileile iliyowahi kuwa tiba ya malaria. Toniki ya leo ina kiasi kidogo mno. Nchini Marekani kikomo ni miligramu 83 kwa lita, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba anakunywa kinga. Kipimo ni jini moja kwa toniki tatu. Kwa Konyagi, ambayo ni asilimia 35, shuka hadi moja kwa mbili na nusu, la sivyo harufu yake nzuri inazama. Nunua toniki za chupa ndogo. Chupa ya lita moja iliyofunguliwa jana imepoteza gesi, na jini na toniki bila gesi ni kama dawa ya hospitali.

Kati ya hizi mbili, mgeni asiyezoea kokteli mpe tangawizi. Ladha anaijua tangu utoto. Toniki ni ya anayependa kahawa chungu na bia chungu. Asiyependa uchungu hata umpe jini ya bei gani, ataiacha nusu.

Chupa moja inatoa ngapi

Chupa ya ml 750 hutoa glasi 15 za ml 50, au 12 za ml 60. Ile ndogo ya ml 250 hutoa tano za ml 50. Pima kwa kifuniko au kikombe chenye alama; mkono wa mtu mwenye furaha humimina ml 80 akidhani ni 50, na hapo uwiano wote umevunjika kabla ya usalama wa mtu kufikiriwa.

Kama una fedha ya chupa moja tu na hujui utatengeneza ipi, chukua vodka ya kawaida au kileo cha miwa. Vinakupa dawa, caipiroska na tangawizi. Ramu nyeupe inakupa daiquiri na pia inakubali tangawizi vizuri sana. Jini ndiyo yenye matumizi machache hapa, ingawa ukiitia kwenye vipimo vya daiquiri unapata kinywaji cha maana. Konyagi na Uganda Waragi zina harufu yao, hivyo zinapendeza kwenye toniki na tangawizi kuliko kwenye dawa, ambako zinagombana na asali.

Kamwe usichanganye kileo kisicho na lebo. Gongo na chang'aa vinaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, wala ulimi hauwezi kuitambua. Ndimu na sukari zinafanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwa sababu zinaficha hata kasoro nyingine za kileo ambazo ungezihisi.

Wageni wakiwa wanane

Dawa na caipirinha haziwezi kutengenezwa kwenye jagi. Maganda yakikaa ndani ya kileo kwa saa moja yanatoa uchungu wote. Unaweza kukata ndimu mapema, lakini kuponda ni kwa glasi moja moja, kwa hiyo mwenye nyumba atashinda jikoni.

Daiquiri, ajabu, ndiyo inayokubali jagi. Kwa glasi nane: ramu ml 480, maji ya ndimu ml 200, shira ml 160, na maji safi ya baridi ml 210 kuchukua nafasi ya yale ambayo barafu ingeyatoa. Watu husahau maji hayo, kisha wanashangaa wageni kulewa mapema. Weka kwenye friji kwa muda wa saa tatu, au kwenye friza kwa saa moja na nusu. Ukiiacha friza usiku kucha itageuka uji wa barafu. Mimina bila barafu kwenye glasi ndogo za baridi.

Tangawizi na toniki mwachie kila mtu ajimiminie, soda ifunguliwe dakika ya mwisho.

Kwa dereva na asiyekunywa kileo, kumbuka kwamba katika mikahawa ya Kenya neno "dawa" mara nyingi ni kinywaji cha moto kisicho na kileo kabisa: tangawizi, limau au ndimu, na asali. Chemsha gramu 20 za tangawizi iliyopondwa kwa ml 300 za maji dakika kumi, epua, subiri dakika tatu, ndipo utie maji ya ndimu ml 20 na asali kijiko kimoja cha mezani. Ndimu ikichemka pamoja na tangawizi hupoteza harufu, inabaki uchachu mtupu.